Mbogo wa mchana kweupe

Jumapili usiku, mwisho wa Oktoba

Mama amelala. Sufuria bado iko jikoni, nimeifunika tu, na nyumba nzima inanukia nyama. Sijaandika hapa tangu Agosti, lakini ya leo nisipoyaandika usingizi hautakuja.

Mama alifika mwezi uliopita kutoka Bunda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na begini alikuwa na kilo mbili za unga wa udaga, ule wa muhogo, na dagaa waliofungwa mifuko mitatu ili wasinuke. Wiki ya kwanza alikula kila nilichompikia, hakusema neno. Wiki ya pili akasukuma sahani pembeni kidogo, kwa adabu, akasema, "Mwanangu, nyama ya huku ni laini kweli. Lakini ukitafuna, unatafuna maji."

Nilimwelewa. Nimeishi Concord, New Hampshire, huku Marekani, miaka saba, na mwaka wa kwanza na mimi nililalamika hivyo hivyo, kisha nikazoea nikasahau kwamba nilizoea. Nikampeleka Manchester ya huku huku kwenye bucha la halali tukanunua mbuzi. Mbuzi alimpa nafuu, ila bado nilimwona akinusa mchuzi kabla ya kumega tonge, kama mtu anayemtafuta mtu kwenye umati.

Kazini nawahudumia wazee. Mmoja wao, aliyekuwa mkulima, nilimweleza habari za Mama wakati namvalisha soksi. Akafikiri kidogo, akaniambia kuna mama mmoja huko juu, karibu na mto Connecticut, anafuga baisani, ng'ombe-mwitu wa Marekani. "Mpeleke mama yako kule," alisema. "Wale wanakula majani mwaka mzima."

Alhamisi sikuwa na zamu. Tukatoka asubuhi kwa barabara ya 89 kuelekea kaskazini-magharibi. Miti mingi ilishapukutisha majani, iliyobaki na rangi ni mialoni, na ukungu ulikuwa umelala mabondeni kama moshi wa majiko ya asubuhi. Mama alivaa koti langu juu ya vitenge viwili. Tulipotoka barabara kuu tukaingia za vijijini, nyumba hapa moja, nyingine huko, kuni zimepangwa barazani, na hatimaye bango la mbao lenye picha ya mnyama mwenye mgongo kama mlima.

Mama aliwaona kabla yangu. "Simamisha gari."

Walikuwa kama ishirini hivi, nyuma ya uzio mrefu wa waya, kwenye mteremko. Pumzi zao zilitoka puani kama mvuke wa chungu. Dume moja lilikuwa karibu, kichwa chini, manywele meusi yametanda usoni mpaka pembe zinaonekana fupi kuliko zilivyo, mbele limejaa na nyuma limenywea. Dume la namna hiyo hufika kilo 900. Ndama waliozaliwa masika, ambao huzaliwa na rangi ya udongo mwekundu, walishakuwa kahawia kama mama zao. Wote walikuwa wakinguruma kwa chini chini, sauti ya tumboni, si mlio wa ng'ombe.

Mama alishika kingo za koti akatazama muda mrefu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mbogo."

Nikamwambia si mbogo, ni baisani, ingawa Wamarekani wengi nao wanamwita kwa jina lile lile wanalomwita mbogo wetu. Akanijibu bila kugeuka, "Namwona ana nundu. Mbogo hana nundu. Lakini macho ni yale."

Lazima nieleze kwa nini neno lile lilimtoka vile. Sisi tumekulia pembezoni mwa Serengeti, upande wa magharibi, kijiji ambacho ukitoka shambani na kutembea nusu siku umefika pori la akiba. Nyama ya mbogo niliijua utotoni, lakini niliijua gizani. Ilikuja usiku, ikapikwa usiku, mifupa ikafukiwa kabla jogoo hajawika. Nyingine ilikuja imekaushwa, vipande virefu vyeusi, kimoro, vikafichwa kwenye ghala la mtama. Tulifundishwa kwamba mtu akikuuliza shuleni jana mlikula nini, jibu ni mlenda. Nikiwa na miaka tisa, mjomba wangu, mdogo wake Mama, alikamatwa na askari wa wanyamapori akiwa na miguu miwili ya mbogo mmoja. Alifungwa miaka mitatu. Alirudi amekonda, hakuingia porini tena, na nyumbani kwetu neno mbogo likakoma kutajwa.

Kwa hiyo Mama alipolitamka pale penye uzio, mchana, kwa sauti ya kawaida, mimi mwenyewe niligeuka kuangalia kama kuna mtu anasikiliza.

Mwenye shamba alitukuta pale. Ni mama wa makamo, buti za mpira, mikono mikubwa. Alitusihi tusisogee zaidi, na akatufundisha jambo moja: mkia ukisimama wima, ondoka. Nikamtafsiria Mama, naye akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo hakuhitaji kuambiwa. Wakawa wanazungumza kupitia kwangu kama watu wawili wa kazi moja. Mama aliuliza wanakula nini wakati wa theluji. Mwenye shamba akasema huwapa majani makavu, lakini wenyewe huifukua theluji kwa kichwa, kulia na kushoto, kama jembe, mpaka wayafikie majani; na ile nundu ndiyo inayobeba kazi hiyo, ni misuli iliyoshikilia mifupa mirefu ya uti wa mgongo. Mama hakuamini kwamba ndani ya nundu kuna mfupa. Nundu ya ng'ombe wetu ni nyama na mafuta, ukiikata kisu kinapita.

"Muulize anauza nundu?"

Mwenye shamba alicheka kwa furaha, akasema wateja wake wengi wanataka nyama ya kusaga na steki tu. Akatupeleka kwenye kibanda chenye friza tatu. Akachimba chini kabisa akatoa kipande cha bega, upande wa juu, kilichogandishwa kwenye plastiki, kama ratili tano, kilo mbili na ushei. Nikachukua na steki mbili na ratili mbili za kusaga. Bei inauma, sifichi; nyama ya kusaga peke yake ilikuwa dola 14 kwa ratili. Nikalipa, akaniandikia risiti.

Mama aliomba ile risiti. Akaikunja mara mbili akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Tulirudi kwa njia ya Meriden, kijiji kidogo chenye vilima, kwa sababu yule mwenye shamba alisema kama tunawajali wanyama hawa basi tupapite. Mwaka 1904 alihamia maeneo yale mtu anaitwa Ernest Harold Baynes, mwandishi wa habari za wanyama. Jirani palikuwa na pori la binafsi lililozungushiwa uzio na tajiri Austin Corbin, zaidi ya ekari 20,000, na ndani yake kundi la baisani, wakati ambapo duniani walikuwa karibu kwisha. Baynes alipowaona hakutulia. Aliandika magazetini, akazunguka kuhutubia, akafuga ndama wawili akawafundisha kuvuta mkokoteni kama maksai ili watu wa mijini wawaone kwa macho. Mwaka 1905 ikaanzishwa jumuiya ya kuwaokoa, William Hornaday wa bustani ya wanyama ya Bronx akiwa rais wake, na Rais Theodore Roosevelt akiwa rais wa heshima. Miaka miwili baadaye baisani 15 walipakiwa kwenye treni kutoka Bronx, New York, wakapelekwa Oklahoma. Wazee wa Wakomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walikuja kuwapokea na familia zao, akiwemo chifu wao Quanah Parker, na watoto waliokuwepo walikuwa hawajapata kumwona mnyama ambaye babu zao waliishi kwa kumtegemea. Hapo kwenye hadithi niliyokuwa namsimulia Mama nilinyamaza kidogo, nilikuwa naendesha na macho yalianza kuniwasha.

Mama alitaka kujua walikwishaje. Nikamwambia kwamba walikuwa mamilioni, makadirio yanaanzia milioni 30, kwenye tambarare za katikati ya nchi. Reli zikafika. Viwanda vya mashariki vikagundua kwamba ngozi yake nene inafaa kwa mikanda ya kuzungushia mashine. Na jeshi halikusikitika, kwa sababu wenyeji wasio na nyama ni wepesi kuhamishwa. Hornaday alipowahesabu mwaka 1889, Amerika Kaskazini nzima walikuwa wamebaki kama 1,000 hivi.

"Na nyama?" aliuliza Mama.

Nikamwambia wawindaji walichuna ngozi, pengine wakachukua na ulimi. Nyama iliyobaki iliozea pale pale.

Tulipita kilima kizima kabla hajasema. "Mjomba wako alifungwa kwa mmoja."

Sikuwa na neno. Ningeweza kumwambia kwamba bila ulinzi ule huenda hata mbogo wa kwetu wangekwisha. Bibi alikuwa akisimulia habari za sotoka aliyosimuliwa na mama yake, ugonjwa ulioua ng'ombe na mbogo pamoja miaka ile ile ya 1890, watu wakafa njaa. Mbogo walikuja kuongezeka tena Serengeti baada ya ng'ombe kuchanjwa na sotoka kutoweka kwa wanyama, miaka ya 1960. Mnyama anakwisha upesi na kurudi kwake ni kwa umri wa mtu. Naliamini hilo kwa moyo wote. Lakini mtu aliyepeleka chakula gerezani miaka mitatu humwelezi hayo kwenye gari, na nafurahi kwamba nilinyamaza.

Usiku ule nilikaanga steki nikaziharibu. Nilizipika kama tunavyopika nyumbani, mpaka ziive kweli kweli, na nyama hii haina mafuta ndani ya misuli ya kuilinda na moto. Dakika chache za ziada, ikawa ngumu kama mkanda. Mama alitafuna yote. "Utamu upo," alisema. "Umeukausha."

Leo hakuniachia. Bega lilikuwa limeyeyuka kwenye friji tangu Alhamisi. Alipolifungua, nyama ilikuwa nyekundu ya kuingia weusi, rangi ya zambarau lililoiva. Aliinusa. Akaweka kisu pale juu, kikagota. Akageuza, akakata pembeni, na ukaonekana: mfupa bapa, mwembamba, umepita katikati ya nyama ukielekea juu. Alinishika mkono akaniwekea kidole changu juu yake. "Kweli. Nundu ina mfupa."

Viungo vyangu vyote alivirudisha kabatini. Chumvi, vitunguu viwili, nyanya moja, maji kidogo, moto mdogo. Binzari, pilipili manga, vile vya kwenye pakiti, hapana. "Nyama yenye harufu yake huiongezei ya mwingine." Saa tatu nzima hakuketi mbali na jiko. Nilikuwa nimemwalika jirani yetu Mwislamu, Mkongomani wa Uvira, ambaye aliuliza mapema imechinjwaje. Nilipompigia simu mwenye shamba nikaambiwa mnyama hupigwa risasi akiwa malishoni, bila kuswagwa wala kupandishwa gari. Nikamweleza ukweli, akashukuru, tukampikia maharage.

Tulikula saa nane mchana. Ugali wa udaga, mweusi, unaonata, na nyama inayoachana yenyewe kwenye mfupa. Ladha yake sijui niiwekeje. Ni ng'ombe, lakini ng'ombe wa mbali, ana utamu kidogo na kitu kama chuma mwishoni, na ukimeza harufu inabaki. Mama alimega, akachovya, akafumba macho. Tukamngoja. Hata yule jirani aliweka tonge chini.

"Huyu amekula majani," alisema.

Halafu akaendelea kula, na alipofika katikati akatoa hukumu yake: si mbogo. Mbogo ni mkali zaidi, ana harufu ya kichaka. Huyu ni ndugu wa ng'ombe. Na amepatia, kwa sababu baisani na ng'ombe wanazaliana, na mbogo wetu hazaliani na yeyote kati yao. Mama amelijua kwa ulimi.

Baada ya chakula aliniomba nimpigie mjomba. Kule ilikuwa saa tatu usiku. Aliinua simu juu ya sufuria ili aione nyama, akamwonyesha mfupa, akafungua pindo akamwonyesha na risiti. "Kaka, tazama. Kuna jua. Madirisha yako wazi."

Mjomba alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika. Uso wake ulikuwa karibu sana na kioo, nusu yake gizani. Kisha akauliza kama nundu ilikuwa na mafuta.

"Ina mfupa," Mama alimwambia, na wakacheka wote wawili, kicheko kirefu cha watoto wa nyumba moja, ambacho mimi sijawahi kukisikia.

Ratili mbili za kusaga zimebaki kwenye friza. Mfupa Mama ameuosha, ameuanika dirishani.