Chupa yenye jina la Zanzibar

Mimi ni fundi ujenzi, nakaa Jang'ombe, Zanzibar, na kazi zangu nyingi ziko Mji Mkongwe: kupiga plasta ya chokaa, kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, kufukua makaro ya zamani. Chupa za zamani ninazokusanya sikuanza kwa kuzitafuta. Zilikuja zenyewe kwenye beleshi.

Aliyezoea kuchimba mjini anajua kwamba ardhi yake imelala kwa matabaka. Juu kuna mifuko ya plastiki na vifuniko vya soda. Ukishuka kiasi cha mkono mmoja unaanza kupata vigae vya sahani za maua ya buluu, makombe ya chaza, mkaa, na hapo ndipo kioo cha zamani kinapong'aa, rangi ya kijani cha maji ya pwani. Darajani na Funguni ndiko vilikojaa zaidi, kwa sababu pale palikuwa na mkono wa bahari ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo zama za Waingereza. Na mahali panapofukiwa hutupwa kila ambacho mji hauna haja nacho.

Zipo chupa za pembe nne za mvinyo mkali wa Uholanzi (jin). Zipo zenye kitako cha yai, zisizoweza kusimama. Zilitengenezwa makusudi zilazwe, ili kizibo kikae kimelowa, kisikauke kikavujisha gesi. Hizo ndizo wageni wanazouliza, na wenzangu wanawauzia. Mimi moyo wangu uko kwa zile zenye maandishi yaliyotuna, unazipapasa na kidole gizani ukasoma. Na kuliko zote, zile zilizoandikwa ZANZIBAR.

Ya kwanza niliipata mwaka 2011, Kiponda, kwenye karo la nyumba ya bibi mmoja mtu mzima. Ilikuwa ya gololi. Vijana wa leo hawaijui, basi niieleze. Shingoni mwake mna gololi ya kioo, na ndani ya mdomo mna pete ya mpira. Soda hutiwa chupa ikiwa kichwa chini, gololi ikaanguka mdomoni; ukiisimamisha, gesi yenyewe inaisukuma gololi na kuibana kwenye mpira. Hakuna kizibo. Kuifungua unaisukuma gololi ndani, inashuka na kukamatwa na mikunjo miwili ya shingo. Aliyebuni ni Mwingereza, Hiram Codd, miaka ya 1870, na nyingi zilitengenezwa Barnsley, kaskazini mwa Uingereza. Mfanyabiashara wa huku aliagiza jina lake na la mji wake vichongwe kwenye kalibu ya kuumbia chupa, kinyumenyume, ili vikitoka kwenye kioo visomeke sawa.

Niliitoa ikiwa imejaa tope, nikaitikisa, gololi ikalia ndani. Jina la mwenye kiwanda lilikuwa limelika, nikasoma herufi tatu tu. Chini yake, wazi kabisa, ZANZIBAR, na herufi N imechongwa kwa kujipinda kidogo, kama mchongaji alichoka. Nilikaa ukingoni mwa shimo nikaipapasa ile N hata msaidizi wangu akaniuliza kama nimeumia.

Jioni nikaipeleka nyumbani nikaitia maji ya moto yaliyotoka jikoni. Ta! Ufa ukaanzia begani ukazunguka mpaka kitakoni. Kioo kilicholala ardhini miaka mingi hakivumilii joto la ghafla, na mimi sikuwa najua. Siku hizi naloweka kwa maji ya kawaida siku mbili tatu, kisha natia kiganja cha mchele na maji kidogo, natikisa polepole. Mchele unang'oa tope bila kukwaruza. Ile iliyopasuka bado ninayo, nimeifunga uzi.

Kesho yake nilirudi kwa yule bibi nikamweleza ukweli, maana chupa ilitoka kwenye ardhi yake na mimi nilimuomba tu niisafishe.

"Shikamoo bibi. Nimekuja na habari mbaya."

"Marahaba mwanangu. Chupa imevunjika?"

"Imepasuka, bibi. Nisamehe."

Akanyamaza, kisha akasema, "Sisi tulizivunja ngapi! Tukizipiga mawe tutoe gololi, tucheze."

Ndiyo maana nzima ni adimu. Kila mtoto aliyekuwa na jiwe mkononi alizipunguza.

Basi akaingia ndani akanitolea nyengine, nzima, yenye ZANZIBAR ile ile. Mamake alikuwa akiwekea ndani maji ya kombe, yale yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani, na yeye anatilia marashi ya mawaridi. Nilitamani niinunue papo hapo. Sikuthubutu hata kutaja bei. Nilimuomba ruhusa nikaifunika kwa karatasi nyembamba, nikapitisha penseli juu yake mpaka herufi zikatoka zote. Jina la mwenye kiwanda lilikuwepo lote.

Tokea hapo nusu ya mkusanyiko wangu ni karatasi. Kila moja nimeandika mtaa, aina ya tundu ilimotoka, kina cha shimo, na kama mshono wa kalibu, ule mstari inaouacha kwenye kioo, umeishia shingoni au umepanda hadi mdomoni. Mshono ukiishia shingoni, mdomo umemaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu, ni kazi ya mashine, na mashine ya chupa ya Owens wa Marekani ilianza miaka ya 1900. Chupa iliyouzwa dukani bila kujulikana ilitoka wapi, kwangu imepoteza nusu ya maneno yake.

Chupa za rangi ya zambarau nazo nimezipata mara moja tu, na si ardhini. Ni vigae vilivyopachikwa juu ya ukuta wa ua kuzuia wezi. Kioo cheupe cha zamani kilitiwa manganizi ili kuondoa ukijani, na jua likikipiga miaka na miaka hugeuka zambarau. Mwenye ua aliniambia niving'oe, anaweka seng'enge. Nilivitoa kimoja kimoja kwa tindo, siku nzima, na sikumdai ujira wa siku ile.

Pemba sijapata nafasi ya kutafuta. Kama wewe uko Wete au Chake, na bibi yako anatilia mafuta ya karafuu kwenye chupa yenye maandishi ya kutuna, usimnyang'anye. Chukua karatasi na penseli tu, na uandike mtaa.