Mombasa Hadi Moroni: Acha Ufuo, Panda Mlima

Mtu wa Mombasa haendi nchi ya visiwa kutafuta ufuo. Mchanga mweupe anao Nyali na Shanzu, na akivuka Likoni anao Diani. Kwa hivyo ami aliponiambia anataka kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro uliko mji wa Moroni, kuwaona jamaa za marehemu mamake kabla magoti hayajamkataa, na kwamba mimi ndiye nitakayembebea mkoba, nilimjibu kuwa nitakwenda kwa sharti moja: nionyeshwe vile ambavyo Mombasa haina.

"Basi utapanda mlima," akasema. "Sisi mlima wetu ulikuwa ule wa taka pale Kibarani, na huo nao hawakutuachia."

Ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa hatukuipata, tukapitia Dar es Salaam. Kutoka Dar hata saa mbili haziishi, unachungulia dirishani unauona mlima Karthala umetokeza juu ya mawingu, na chini yake nchi nyeusi inayoteremka mpaka ndani ya maji. Ngazija yote ni kazi ya volkano. Barabara ya kutoka uwanja wa Hahaya kwenda Moroni inapita kati ya bahari na mawe meusi yaliyokuwa moto wa kumiminika, na juu ya mawe hayo watu wamejenga nyumba nyingi mno ambazo hazijakwisha. Zina nguzo na ngazi, lakini ghorofa ya juu haipo.

Nilidhani ni miradi iliyokufa. Ami akacheka. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake kidogo kidogo, miaka na miaka, pengine kwa pesa zinazotumwa na jamaa walioko Marseille, na siku ya ndoa mume ndiye anayehamia kwa mke. "Huku mwanamume ni mgeni wa kudumu," ami akasema, na dereva wa teksi akaitikia kwa kichwa bila kutabasamu.

Moroni yenyewe, kwa aliyekulia Kibokoni, haipotezi mtu. Mtaa wa kale wa Badjanani una vichochoro vya kupishana kwa bega, milango ya kuchonga, na vibaraza ambavyo ukivikalia utapitiwa na habari za mji mzima. Mbele yake, ukingoni kabisa mwa bandari ya majahazi, upo Msikiti wa Ijumaa wa zamani, mweupe, wenye matao mbele, uliojengwa mwaka 1427. Mnara wake ni wa juzi tu, 1921. Piga hesabu: msikiti huo ulikuwa umeshazoea adhana kwa zaidi ya karne moja na nusu kabla Mreno hajaanza kuweka jiwe la kwanza la Fort Jesus mwaka 1593. Sisi huwapeleka wageni ngomeni tukawaambia hapo ndipo historia ilipo. Mimi ningesema ngome ni historia ya aliyekuja kutupiga, na msikiti ni historia ya aliyekuwepo.

Tulizuru pia zawiya ya tariqa ya Shadhili, penye kaburi la shehe wake Said Muhammad al-Maaruf aliyefariki mwaka 1905, ami akasoma Fatiha yake. Kila mwaka mabasi hujaa kutoka Mombasa kwenda Maulidi ya Lamu, na wangapi kati yetu hukumbuka kwamba Habib Swaleh, aliyeuasisi Msikiti wa Riyadha, alitoka Ngazija? Njia hii tunayoiona ngeni wazee wetu waliipita kwa upepo wa kusi na kaskazi bila pasipoti.

Kitu kilichonishika zaidi mjini lakini si jengo. Ni bangwe, uwanja wa mtaa wenye viti vya mawe ambako wanaume hukaa jioni. Mombasa mzee mwenye mvi hukaa popote barazani na hakuna wa kumuuliza. Pale jamaa zetu walimkaribisha ami kwa heshima zote, wakamwuliza hali ya Mombasa, halafu mmoja akamwuliza kwa upole kama amefanya anda.

Anda ni ile ndoa kubwa. Unaweza kuwa umeoa na umezaa, una wajukuu, lakini kama hukuifanya ndoa hiyo mbele ya mji, kwa dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe wa kuchinjwa na karamu zinazofuatana, basi kwa mila wewe bado ni kijana. Kukaa kwako bangweni, kusema kwako mbele ya wazee, hata joho utakalovaa, vyote vinapimwa kwa hilo. Watu huweka akiba maisha yao yote. Walioko Ufaransa hurudi mwezi wa Julai na Agosti wakati wa likizo, na hapo visiwa huwa ni harusi juu ya harusi. Tuliwaona wanaume wakipita kwa maandamano, majoho yametariziwa uzi wa dhahabu, nyuma yao wanawake wamejipaka usoni unga wa msandali.

Sikufichi, niliona ni mzigo. Nilimwambia binamu mmoja kwamba fedha hizo zingechimba visima vya mji mzima. Akanijibu kuwa barabara ya mtaa wao na sehemu ya msikiti zilitokana na michango ya anda, kisha akaniuliza sisi Mombasa mtu akifanya harusi mji hupata nini zaidi ya biriani. Nilinyamaza. Ami alikaa siku zote mwisho wa benchi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisikiliza zaidi kuliko anavyosema.

Jumba la makumbusho ni dogo, lakini usilipite, kwa sababu ya samaki mmoja. Wataalamu waliamini jamii ya coelacanth imetoweka pamoja na madinosaria, kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 mmoja alipovuliwa Afrika Kusini. Walimtafuta wa pili miaka 14, akapatikana 1952 kisiwa jirani cha Nzwani, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote kwa jina la gombesa na hawakumtaka kwa kuwa nyama yake ina mafuta mabaya. Mwaka 2001 mmoja alinaswa hata kwetu, Malindi. Timu ya taifa ya Komoro imechukua jina la samaki huyo, na ukitaja kandanda teksini jiandae: utasimuliwa jinsi walivyoifunga Ghana 3-2 Januari 2022, na jinsi walivyoingia kucheza na Kamerun wakiwa na beki golini kwa kukosa golikipa, wakafungwa 2-1 tu.

Sasa mlima. Karthala una mita 2,361 na uko hai. Ami alibaki mjini na magoti yake; mimi niliondoka na kijana wa Mvuni, kijiji kilicho juu ya Moroni, ambaye Kiswahili chake alikiokota Dar es Salaam anakokwenda kununua bidhaa. Tuliondoka kabla ya alfajiri. Kwanza ni mashamba ya migomba na muhogo, kisha msitu wenye ukungu ambamo miti imevaa kuvu na nguo zinalowa bila mvua, kisha miti inafupika, inakuwa vichaka vya matawi magumu, na mwisho ni majivu na mawe tu. Kila kilichoingia kinywani tulikibeba wenyewe, maji kwanza. Kisiwa hiki hakina hata mto mmoja wa kudumu: mvua inanyesha nyingi, lakini mawe ya volkano yana matundu na yanaimeza yote. Ndiyo maana kila nyumba ina birika la kukinga maji ya paa. Na ndiyo maana mlipuko wa Novemba 2005 uliwaumiza watu hata pale ambapo moto haukufika, maana majivu yaliingia kwenye mabirika, maji ya kunywa yakaharibika.

Kufika juu ni kazi ya karibu kutwa, na miguu yangu iliyozoea tambarare za Makadara ililalamika njia nzima. Halafu ardhi ikakatika. Bonde la kilele lina upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, na ndani yake lipo shimo la Chahalé, kuta zimesimama wima, mvuke unatoka kwenye nyufa. Tulilala ukingoni. Baridi yake sikuitarajia nchi ya minazi. Sweta ya ami na blanketi la yule kijana havikutosha, na sehemu kubwa ya usiku tulikaa tukichochea moto na kuongea habari za bei ya simu Kariakoo.

Kaskazini nilikwenda kwa siku moja. Ziwa la Chumvi, ndani ya kreta iliyozimika hatua chache kutoka baharini, linastahili kusimamishia gari. Ufuo wa Mitsamiouli ni mzuri, lakini, kama nilivyosema, mtu wa Mombasa ufuo anao wake. Mimi niliangalia maji tu. Hapo ndipo tarehe 23 Novemba 1996 ilipoangukia ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuishiwa mafuta. Katika watu 175 walikufa 125, akiwemo mpiga picha Mkenya Mohamed Amin.

Kama una nafasi, vuka kwenda kisiwa cha Mwali. Chukua ndege ndogo ikiwepo, maana boti za kati ya visiwa hupakia kupita kiasi na bahari ya huko haina ukuta wa mwamba wa kukukinga. Kijiji cha Itsamia hupandiwa na kasa usiku, mwaka mzima, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi na wenyeji wako: hakuna tochi nyeupe, hakuna kumkatiza mbele, unakaa nyuma yake mpaka aanze kutaga. Kiingilio hubaki kijijini. Kwetu Watamu nimeona kasa mmoja mmoja. Itsamia niliacha kuhesabu.

Kwa anayetaka kwenda: miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo mikavu, na ndiyo ya kupanda mlima. Beba yuro taslimu, moja ni kama faranga 492 na haibadiliki, kwani kadi ya benki haitakufikisha mbali. Faranga zikikubakia zimalizie vanila sokoni Volo Volo, maana Mombasa nilizunguka nazo Moi Avenue yote na hakuna dirisha lililozitaka.