Kutoka Selma hadi Montgomery kwa Barabara ya 80

Selma, mji wa Alabama kusini mwa Marekani, sikuanzia darajani. Nilianzia Brown Chapel, kanisa la matofali mekundu, maana hapo ndipo watu wapatao 600 walipotokea Jumapili ya tarehe 7 Machi 1965, wakiandamana kwenda Montgomery, mji mkuu wa jimbo, kudai haki ya Weusi kupiga kura. Kutoka kanisani hadi Daraja la Edmund Pettus ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Lipande kwa miguu, si kwa gari: daraja lina mgongo, na ukitokea mjini huoni ng'ambo mpaka ufike juu katikati. John Lewis na Hosea Williams, waliokuwa mbele ya maandamano, walikuwa tayari wamefika juu ya Mto Alabama ndipo wakawaona askari wa jimbo ng'ambo, waliowapiga na kuwarudisha.

Wageni wengi hupiga picha hapo, kisha hugeuza gari. Jambo lenyewe linawapita. Virungu na mabomu ya machozi vilionekana kwenye televisheni, lakini kilichowanyima Weusi kura miaka nenda miaka rudi kilikaa ofisini, ndani ya fomu. Ofisi ya uandikishaji ya Kaunti ya Dallas, ambayo Selma ndiyo makao yake, ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Aliyefika dirishani alijaza kurasa kadhaa, akaulizwa maswali ya katiba, na msahihishaji alikuwa mwandikishaji mwenyewe, hivyo kosa dogo lilitosha kumrudisha nyumbani. Tena alitakiwa adhaminiwe na mtu aliyekwisha kuandikishwa. Kati ya Weusi wapatao 15,000 wenye umri wa kupiga kura, walioandikishwa hawakufika 400.

Fuata Barabara ya 80 kuelekea mashariki. Hadi Montgomery ni kama kilomita 87: kwa gari saa moja na kitu, kwa waandamanaji wa 1965, walipofaulu hatimaye kupita, siku tano, tarehe 21 hadi 25 Machi. Ndani ya Kaunti ya Lowndes barabara ilikuwa nyembamba, kwa hiyo amri ya mahakama iliruhusu watu 300 tu kwenye kipande hicho. Wengine walijiunga tena karibu na Montgomery. Hapo katikati pana kituo cha makumbusho cha Idara ya Hifadhi za Taifa. Hakikisha siku za kufunguliwa kabla ya kuondoka Selma. Kimejengwa mahali pa kambi ya mahema ya wakulima waliofukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha. Kando ya barabara hiyo liko pia jiwe la kumbukumbu la Viola Liuzzo, aliyepigwa risasi usiku wa tarehe 25 akisafirisha waandamanaji.

Tenga muda wa kuchepuka kusini hadi Hayneville, makao ya Kaunti ya Lowndes. Lowndes ilikuwa na Weusi wapatao asilimia 80, na mwaka 1965 ulipoanza hakuna hata mmoja aliyekuwa daftarini. Amdhamini nani basi? Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya tarehe 6 Agosti 1965 ilipovunja mitihani hiyo, Weusi wa Lowndes wakaunda chama chao. Alabama ilidai kila chama kiwe na alama kwa ajili ya wasiojua kusoma. Chama cha Democratic cha jimbo kilikuwa na jogoo mweupe. Wao wakachagua chui mweusi. (Wapiga kura wa Tanzania, Septemba 1965, walichagua kati ya jembe na nyumba kwa sababu hiyo hiyo.) Wagombea wao walishindwa Novemba 1966, ila mwaka 1970 John Hulett, kiongozi wao, alichaguliwa sherifu.

Montgomery, simama kwenye ngazi za bunge la jimbo, walipoishia watu 25,000. Sheria ile ya 1965 ililazimisha majimbo kama Alabama kuomba kibali cha Washington kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Kaunti ya Shelby, kaskazini mwa hapa, ilipinga, na tarehe 25 Juni 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta orodha ya majimbo hayo. Kibali kikabaki bila wa kuombewa. Naona hilo ndilo pigo zito kuliko yote, kwa kuwa kibali kilizuia madhara kabla ya kura, ilhali kesi huja baada ya watu kukosa kura. Mwaka 2014 Alabama ikaanza kudai kitambulisho chenye picha vituoni. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba ramani ya majimbo saba ya uchaguzi ya Alabama iliwapunja Weusi. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa umeshafanyika kwa ramani hiyo.