Monticello: anzia jikoni, ndipo uingie sebuleni

Wengi wanaofika Monticello, karibu na mji wa Charlottesville katika jimbo la Virginia, huenda moja kwa moja mbele ya nguzo, wakapiga picha ya kuba, kisha wakasubiri zamu yao ya kuingia ndani. Wakitoka wanakuwa wameiona nusu ya nyumba. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliichora nyumba hii mwenyewe, na aliichora kwa namna ambayo mgeni aliyeketi mezani hakuona kuni zikibebwa, maji yakichotwa wala chakula kikipandishwa. Kazi yote ilisukumwa chini ya sakafu na nyuma ya kuta. Ndiyo maana nashauri uanzie huko chini.

Tiketi ya kawaida hukupa saa maalumu ya kuingia ndani ya nyumba na kiongozi. Panda na basi dogo kutoka kituo cha wageni saa moja na nusu kabla ya muda huo. Ukishuka, usiifuate foleni. Elekea upande wa kusini, ulipo mlango wa jikoni.

Chumba hiki cha kupikia kilianza kutumika mwaka 1809, Jefferson alipotoka madarakani. Kitu cha kukitazama kwa utulivu ni lile jiko la matofali lenye matundu manane. Kila tundu lilikuwa na mkaa wake, hivyo mpishi aliweza kuweka sosi kwenye moto mdogo huku sufuria ya jirani ikichemka kwa nguvu. Aliyezoea kupikia mkaa ataelewa mara moja faida yake: moto wazi wa kuni haukupi nafasi ya kupima joto namna hiyo. Mapishi yenyewe yalikuwa ya Kifaransa. Edith Hern Fossett, mpishi mkuu, alifundishwa na mpishi Mfaransa katika Ikulu ya Washington, na alipika hapa mpaka Jefferson alipofariki mwaka 1826. Alikuwa mtumwa. Mumewe, Joseph Fossett, mhunzi, aliachwa huru kwa wasia, lakini Edith na watoto wao walinadiwa mnadani Januari 1827, kwa sababu Jefferson alikufa na deni la zaidi ya dola 100,000. Watu wapatao 130 waliuzwa.

Ukitoka jikoni, ingia kwenye ujia unaopita chini ya nyumba nzima. Hapa simama ufikirie ramani kidogo. Jiko liko kusini, chumba cha kulia kiko kaskazini. Kila sahani ilibebwa kupitia ujia huu wa mawe hadi upande wa pili, kisha ikapandishwa ngazi nyembamba. Chakula cha Kifaransa hakivumilii safari ndefu: sosi hutengana, nyama hupoa. Ubora wa meza ile ulitegemea miguu ya vijana waliokuwa wakikimbia humu. Kando ya ujia kuna stoo ya bia, stoo ya vyakula na stoo ya mvinyo. Kumbuka mahali stoo ya mvinyo ilipo, utaihitaji ukifika juu.

Kabla ya muda wako kufika, tembea Mulberry Row, barabara ya kazi yenye urefu wa takriban mita 400, chini kidogo ya nyumba. Palikuwa na zaidi ya majengo 20: makazi, karakana ya useremala, banda la mhunzi na kiwanda cha misumari kilichoanza mwaka 1794. Waliofua misumari walikuwa wavulana wa miaka 10 hadi 16, na fimbo ya chuma waliyopewa ilipimwa asubuhi, misumari ikapimwa jioni, ili ijulikane nani kaharibu kiasi gani. John Hemmings, seremala aliyetengeneza sehemu kubwa ya mbao nzuri utakazoziona ndani, alifanya kazi hapa. Katika maisha yake Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600, yeye aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Upande wa kusini kuna pia chumba kinachoeleza maisha ya Sally Hemings, aliyezaa na Jefferson watoto wasiopungua sita. Usikipite mbiombio.

Sasa ingia ndani. Ukumbi wa mbele una mambo mengi, ramani, pembe za wanyama, sanamu za kichwa na mabega, lakini macho yako yaende kwanza juu ya mlango ulioingilia. Ile saa kubwa ina nyuso mbili. Uso wa nje una mshale wa saa tu, kwa kuwa Jefferson aliona huo unawatosha walio nje. Wa ndani unaonyesha saa, dakika na sekunde. Inaendeshwa na mizigo ya chuma mfano wa risasi za mizinga, iliyoning'inia kwa kamba katika pembe mbili za ukumbi. Mizigo ya upande wa kusini hushuka taratibu wiki nzima, na ukutani kuna majina ya siku: ukitazama mzigo umefikia jina gani, unajua leo ni siku gani. Tatizo ni kwamba saa ilipangwa kabla ya ukumbi huu kukamilika, na kamba zikawa ndefu kuliko kimo cha chumba. Suluhisho lilikuwa kutoboa sakafu. Kwa hiyo Jumamosi ya Monticello iko chini ya sakafu, kwenye ule ujia uliotoka kuupita. Saa hujazwa kila Jumapili kwa ufunguo mkubwa, na ngazi ya kukunja iliyo pembeni ndiyo ya kuifikia.

Milango ya vioo kati ya ukumbi na sebule ina ujanja mwingine. Sukuma ubao mmoja, wa pili hufunguka wenyewe. Chini ya sakafu kuna magurudumu mawili yaliyofungwa kwa mnyororo uliopindwa umbo la nane. Upindo huo ndio unaofanya mbao hizo zizunguke kwa kupishana. Ukifunga mnyororo bila upindo, milango yote miwili itazungukia upande mmoja. Sakafu ya sebule ni ya mbao za aina mbili, moja nyekundu na nyingine nyepesi, zilizounganishwa kwa miraba. Kaa pembeni, si katikati, uone jinsi mwanga wa madirisha ya magharibi unavyoipiga.

Vyumba vya Jefferson mwenyewe viko upande wa kusini: chumba cha vitabu, chumba cha kuandikia na chumba cha kulala, vyote vikifuatana. Mwaka 1815 aliviuza vitabu karibu 6,500 kwa Bunge la Marekani kwa dola 23,950, baada ya Waingereza kuichoma maktaba ya Bunge. Mezani kuna mashine ya kalamu mbili: ukiandika kwa moja, ya pili huandika nakala ileile. Kitanda kimejengwa ndani ya uwazi wa ukuta, upande mmoja ukitazama chumba cha kulala, wa pili chumba cha kuandikia. Utasikia watu wakisema kitanda kilivutwa darini kwa kamba mchana. Si kweli. Juu ya kitanda kuna kabati la nguo za msimu mwingine, lenye matundu ya duara-yai ya kupitisha hewa, na linafikiwa kwa ngazi ndogo. Alifia kitandani hapo tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru.

Chumba cha kulia kimepakwa rangi ya njano kali, rangi iliyokuwa mpya na ghali wakati ule. Tazama pande mbili za mahali pa moto. Ndani ya mbao za kando mmefichwa lifti ndogo za kamba zinazoshuka hadi stoo ya mvinyo uliyoiona chini. Mtu aliye chini aliweka chupa iliyojaa, aliye juu akavuta, chupa tupu ikarudi. Kwenye kona kuna mlango unaozunguka wenye rafu mgongoni: chakula kiliwekwa rafuni upande wa nje, mlango ukageuzwa, sahani zikatokea ndani bila mtumishi kuonekana. Waandishi wengi husifu vifaa hivi kama uvumbuzi wa akili. Ni vya akili kweli, ila vilifanya pia kazi ya kuwaondoa wahudumu machoni na masikioni mwa wageni, na ukishatembea ule ujia wa chini huwezi kuvitazama kwa jicho lilelile.

Ghorofa za juu huonyeshwa kwa ziara ya pekee yenye tiketi yake, kwa makundi madogo, na sababu ni ngazi: zina upana wa sentimita 61 tu, tena zimesimama. Jefferson aliona ngazi kubwa za katikati zinakula nafasi bure. Mwenye magoti mabovu abaki chini. Juu utaelewa pia kwa nini nyumba hii ya ghorofa tatu juu ya ardhi huonekana kutoka nje kama ya ghorofa moja: madirisha ya ghorofa ya pili yameanzia sakafuni na kuunganishwa na yale ya chini, hivyo mwanga huingia miguuni mwa mtu. Chumba cha kuba ni kizuri kuliko vyote nyumbani humu, lakini kwa ngazi zile kilitumika kidogo sana.

Nyumba hii ilimsumbua mwenyewe kwa maji, mengi yasipotakiwa na machache yalipohitajika. Paa na madirisha ya darini yalivuja. Kisima cha mita 20 hivi juu ya kilima kilikauka mara kwa mara, maji yakabidi yachukuliwe kwenye chemchemi za chini. Ndipo zikachimbwa birika nne za kukusanya mvua kutoka paani, kila moja yenye upana na kina cha karibu mita mbili na nusu. Zilivuja kwa miaka, kwa sababu lipu iliyotumika haikuweza kuzuia maji mpaka ilipopatikana saruji bora zaidi.

Bustani iachie saa nzima. Ya maua iko nyuma ya nyumba: njia inayopinda kuzunguka uwanja wa nyasi, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1807 na 1808. Ni ya kupendeza Aprili, tulipu zinapochanua, ila kwangu mimi uzito uko kwenye bustani ya mboga. Ni tuta moja lililochongwa ubavuni mwa kilima na watumwa, urefu mita 305, upana mita 24, likishikiliwa na ukuta wa mawe unaozidi mita tatu na nusu mahali palipo juu zaidi. Linatazama kusini-mashariki, kwa hiyo hupata jua mapema, na ukuta huhifadhi joto. Ndiyo sababu njegere, mboga ambayo Jefferson aliipenda kuliko zote, ziliweza kupandwa mapema. Alijaribu aina 330 za mboga na viungo, na akaandika kila iliyoshindwa.

Tafuta bamia, bilinganya na ufuta. Bamia na ufuta vilifika Marekani kwa njia ya watu waliotolewa Afrika, na Jefferson aliung'ang'ania ufuta kwa sababu alitaka mafuta ya saladi badala ya ya zeituni, ambayo yalimgharimu kuyaagiza. Kuukuza hakukuwa tabu. Kuukamua ndiko kulikomshinda, mashinikizo yakaharibika moja baada ya jingine. Jambo jingine lisiloandikwa kwenye kibao chochote kikubwa: familia ya Jefferson ilinunua kuku, mayai na mboga kutoka kwa watumwa wenyewe, waliolima vibustani vyao usiku na Jumapili. Mjukuu wake, Anne Cary Randolph, aliyaandika manunuzi hayo daftarini kuanzia mwaka 1805.

Chini ya tuta kuna matunda na mizabibu. Mwaka 1807 ilipandwa miche na vipandikizi 287 vya zabibu za Ulaya, aina 24. Hakupata mvinyo. Mdudu wa mizizi ambaye mizabibu ya Marekani imemzoea huua ya Ulaya, na unyevu wa Virginia huleta ukungu mweusi unaokausha zabibu zikiwa bado mbichi. Mizabibu unayoiona leo imepandikizwa juu ya mashina yanayomhimili mdudu huyo, na hupigwa dawa. Ukija Mei utakuta njegere. Ukitaka bamia na ufuta vimesimama vizuri, njoo Agosti, na kofia usiisahau, maana tuta lote halina kivuli zaidi ya kile kibanda cha matofali katikati.