Usiku wa ile safu ya zabuni

"Mama, nikianza na 'kwa maoni yangu', si hawezi kunishtaki?" Binti yangu aliniuliza hivyo jana, ujumbe wake mkali kuhusu kocha wao ukiwa tayari kutumwa. Nikamwambia haitoshi, asitume kwanza. Akataka kujua kwa nini, nami nikamsimulia usiku wa ile safu ya zabuni.

Ulikuwa umebaki ukurasa huo tu gazeti liingie mtamboni. Nilikuwa zamu ya uhariri. Wakili wetu aliketi kando yangu na penseli, na mwandishi wa safu alisimama mbele yetu, amekunja mikono kifuani. Sentensi zilizotukwamisha zilifuatana: "Jengo hili ni aibu. Kwa maoni yangu, mkandarasi alihonga ili apewe kazi."

"Hii ya aibu iache," wakili alisema. "Mwingine atalitazama jengo hilohilo alisifu, na hakuna hakimu wa kuamua nani kati yenu kakosea. Sasa hii ya pili. Alimhonga nani?"

"Wakili, ndiyo maana nimeandika kwa maoni yangu."

"Kaka, ama kuna fedha iliyotoka mkono mmoja ikaingia mwingine, ama haipo. Hilo ni jambo la kuthibitishwa. Maoni yako hayawezi kulifanya litokee."

Akatutajia kesi ya Milkovich, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitolea uamuzi mwaka 1990. Mwandishi wa michezo alikuwa ameandika safu iliyompa msomaji picha kwamba kocha mmoja wa mieleka alisema uongo baada ya kula kiapo. Mahakama ilikataa kwamba maoni yana kinga yake ya pekee: kumwita mtu mwongo kunaumiza vilevile hata ukitanguliza "kwa maoni yangu", maana msomaji anaamini kuna jambo unalijua ambalo hujamwambia.

Kisha akaandika upya pembeni mwa karatasi, taratibu, huku fundi wa mtambo akichungulia mlangoni. Zabuni ilifunguliwa siku fulani. Aliyetaka malipo makubwa kuliko wote ndiye aliyepewa. Sababu hazikutolewa, ingawa tuliziomba. Halafu: "Naona mchakato huu haukuwa wa haki." Yote ya mwanzo tulikuwa na nyaraka zake. Hilo la mwisho ndilo maoni, na msingi wake uko mbele ya msomaji, aupime mwenyewe, akatae akitaka.

Mwandishi alisoma, akasoma tena. Akasema kwa sauti ya chini: "Msomaji ataelewa rushwa vilevile."

Wakili alinyamaza kidogo. "Ataelewa akiwa na vya kupimia," alijibu.

Ukurasa ukaenda ulivyoandikwa upya. Mkandarasi hakutushtaki.

Naamini wakili alilinda zaidi ya gazeti. Tuhuma ya rushwa ikishatoka, hata asiye na hatia hana namna rahisi ya kujisafisha. Jina la mtu si jambo dogo. Lakini ule mpaka wenyewe, kati ya maoni na jambo la kuthibitishwa, haujakaa sawa kichwani mwangu. Miaka baadaye nilifuatilia kesi ya Simon Singh, mwandishi wa sayansi wa Uingereza, aliyeshtakiwa na chama cha watibabu wa uti wa mgongo kwa kuandika kwamba chama hicho kinatangaza tiba za uongo. Mwaka 2009 jaji alisema maneno yake ni madai ya ukweli, hivyo ayathibitishe. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikasema ni maoni, na chama kikaiacha kesi. Maneno hayakubadilika hata herufi. Ikiwa majaji wanatofautiana kiasi hicho, mhariri wa zamu atajuaje, na mtambo unamsubiri?

Na yule mwandishi hakujibiwa sawasawa. Sheria huuliza msomaji wa kawaida ataelewa nini, na yeye alisema wazi ataelewa rushwa. Tuliondoa neno, lakini tulizipanga zile habari kwa namna iliyoelekeza kulekule. Kama mkandarasi angekwenda mahakamani, nisingeweza kuapa kwamba tulikuwa salama.