Kilombero kwa mtumbwi, nilienda kujua mamba anakula nini

Habari za mamba wa Kilombero nilikuwa nazisikia upande mmoja tu, kakamata mtu, kavuta ng'ombe, basi. Mi nikawa najiuliza, siku zote ambazo hajakamata mtu wala ng'ombe anaishi kwa nini? Nikapanda basi Morogoro, tulipofika Mikumi tukakata kushoto, tukapita miwa ya Kidatu, halafu Udzungwa ikakaa mkono wa kulia mpaka karibu tunaingia Ifakara.

Asubuhi bodaboda ikanishusha mtoni, pale kwenye daraja, zamani watu walikuwa wanavuka kwa kivuko. Nikampata mzee mmoja mvuvi, Mndamba wa hukohuko, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukaelewana bei tukaingia majini. Bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2002, ni karibu hekta laki nane, na ukiwa chini kwenye mtumbwi huoni mwisho, ni matete tu na anga.

Wa kwanza kuonekana walikuwa vyura, vidogo vile vya kung'ang'ania kwenye matete, chakula chao ni nzi, panzi wadogo na kila kidudu kinachotosha mdomoni. Chura hatafuni, anameza mzima mzima, na kile kitendo cha kufumba macho akimeza si maringo, yale macho yanazama ndani yanasaidia kusukuma chakula kooni. Watoto wake, viluwiluwi, wengi wao wanakwangua mwani tu. Af kuna aina ya vyura wakubwa sana, Kiingereza bullfrog, wale ukiwakuta masika wanakula hata panya na vyura wenzao, hana huruma kabisa yule.

Mbele kidogo kenge huyo, kalala kwenye mzizi. Mzee akasema, "Huyu mwanangu ndo mwizi wa mamba." Kweli, kenge anakula kaa, konokono, vyura, samaki, ila akipata kiota cha mamba anafukua mayai anamaliza, na mama mamba analinda pale karibu miezi mitatu akiwa hali kitu cha maana, akiteleza tu kidogo imekwisha. Mimi kenge nimeanza kumheshimu siku hiyo, watu wanamdharau bure.

Sasa mamba. Tuliwaona mchangani wamepanua midomo, mzee akatupitisha mbali sana, na huko kukaa juani si uvivu, joto la jua ndo linamsaidia kusaga alichomeza. Kumbe mamba akitoka kwenye yai anaanza na wadudu! Panzi, buibui, halafu vyura, kaa, samaki wadogo, anapanda hivyohivyo kadiri anavyokua, na hata akiwa mkubwa sehemu kubwa ya chakula chake ni samaki, kambale na wenzake, nyama kubwa inakuja mara mojamoja na akishiba anaweza kukaa miezi bila kula tena. Kutafuna hawezi, ndo maana anajizungusha majini ili nyama ikatike.

Kwa hiyo mamba wote wale niliowaona wamekuzwa na panzi na vyura, na hicho ndo kilichoniuma njia nzima ya kurudi maana mzee alinionyesha sehemu ambazo alivua akiwa kijana, sa hivi ni mashamba ya mpunga na malisho, matete yamefyekwa. Watu wanahangaika na mamba mkubwa, chura wa kwenye matete hana wa kumtetea, na akiondoka yeye mtoto wa mamba atakula nini, na nyoka wa majini je, na kenge je.

Ukitaka kwenda nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba, masika bonde linajaa maji na njia za pembeni hazipitiki. Mtafute mvuvi mwenyeji, usikodi mtumbwi uende peke yako, na mkono usiuache ukining'inia majini hata kama pametulia.