Kwa Nini Wapenzi wa Sigaa Hawaulizani Hadharani za Kuba Hununuliwa Wapi

Miongoni mwa wapenzi wa sigaa, yaani zile nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa (cigar), nchini Marekani, ninakoishi, kuna swali moja ambalo kila mgeni huliuliza mapema, tena kwa nia njema kabisa, kisha akashangaa kuona watu waliokuwa wakimchangamkia dakika chache zilizopita wamenyamaza, au mmoja wao amemjibu kwa ukali usiolingana na kosa. Swali lenyewe ni hili: sigaa za Kuba mnazipata wapi? Nimeona likiulizwa mara nyingi kwenye makundi yetu ya mtandaoni, na kwa kuwa wasomaji wangu kadhaa wa Kiswahili wameanza kuingia katika burudani hii, naona ni vyema nieleze kwa nini desturi ya kutolijibu hadharani ipo, na ni wapi, kwa maoni yangu, wazoefu wanaitumia vibaya.

Tuanze na sheria, maana bila hiyo desturi nzima inaonekana kama majivuno ya watu wenye siri zao. Tarehe 3 Februari 1962 Rais John F. Kennedy alitia saini tangazo la kuzuia biashara na Kuba, nalo likaanza kutumika tarehe 7 mwezi huohuo. Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wake, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba rais alimwagiza amtafutie sigaa elfu moja za Kikuba aina ya Petit Upmann kwa usiku mmoja tu, na kwamba asubuhi aliporudi na kumwambia amepata 1,200, ndipo Kennedy alipotoa karatasi ya tangazo hilo kwenye dawati lake na kuitia saini. Hadithi hiyo hupendwa sana na wavutaji, wengine kwa sababu inawachekesha, wengine kwa sababu inawauma. Mwaka 1963 zilifuata kanuni za udhibiti wa mali za Kuba, zinazosimamiwa na Wizara ya Fedha chini ya sheria ya mwaka 1917 ya kuzuia biashara na adui, na mwaka 1996 Bunge la Marekani likavitia vikwazo hivyo ndani ya sheria yake lenyewe, kiasi kwamba rais peke yake hawezi kuviondoa kwa kalamu yake.

Kinachowachanganya wageni wengi ni kipindi kifupi cha nafuu kilichopita. Mwanzoni mwa mwaka 2015, baada ya Rais Obama kutangaza kulegeza uhusiano na serikali ya Kuba, wasafiri walioruhusiwa kwenda Kuba walipewa nafasi ya kurudi na tumbaku na pombe za thamani isiyozidi dola 100. Oktoba 2016 kiwango hicho kikaondolewa, na msafiri aliweza kurudi na sigaa za matumizi yake binafsi hata kama alizinunua katika nchi ya tatu. Tarehe 24 Septemba 2020 mlango huo ulifungwa tena. Kwa hiyo mtu anayemsikia rafiki yake akisimulia jinsi alivyopita forodha na boksi mkononi mwaka 2017 husikia habari ya kweli, ila ni habari iliyokwisha muda wake. Ununuzi kwa njia ya posta kutoka kwa muuzaji wa nje haukuruhusiwa hata katika miaka hiyo ya nafuu.

Sasa, mtu anapouliza mbele ya kundi zima sigaa hizi zinanunuliwa wapi, anawaomba watu asiowajua waandike, mahali panaposomwa na yeyote, kwamba wamevunja sheria, na kwa msaada wa nani. Hata kama maofisa wa forodha hawana muda wa kufuatilia kila mvutaji wa sigaa tano kwa mwezi, na kwa kawaida hatua yao ni kuzichukua sigaa zilizotumwa kwa posta na kumpelekea mwenye anwani barua ya kumjulisha, bado si haki kumweka mtu katika hali hiyo. Wazoefu huita taarifa hiyo ya forodha "barua ya mapenzi", na Kuba yenyewe wana desturi ya kuitaja kwa mzunguko kuwa "kisiwa kilicho kusini mwa Miami", kana kwamba afisa anayesoma atashindwa kutambua ni kisiwa kipi. Mzaha huo haumfichi mtu yeyote, lakini humkumbusha msemaji kwamba anazungumza mbele ya kadamnasi.

Sababu ya pili, ambayo mimi naiona nzito kuliko ya kwanza, ni matapeli. Anayetangaza kwamba anatafuta sigaa za Kuba na hajui pa kuzipata amejitambulisha kwa pumzi moja kuwa ana fedha, ana hamu, na hana ujuzi. Ujumbe wa kwanza wa faragha atakaoupokea una kila uwezekano wa kutoka kwa mtu anayeuza bandia, na akishatapeliwa hana pa kwenda kushtaki, kwa sababu shauri lenyewe lingeanza kwa yeye kukiri kwamba alitaka kununua bidhaa iliyopigwa marufuku.

Na bandia ni nyingi mno. Cohiba, chapa ya sigaa ya Kuba iliyoanza kuviringishwa mwaka 1966 kwa ajili ya Fidel Castro na wageni wa serikali, ikauzwa kwa umma kuanzia mwaka 1982, ndiyo inayoghushiwa kuliko zote, na mfano unaojulikana zaidi ni lile boksi lenye kifuniko cha kioo linalouzwa kwa watalii kwenye fukwe za Karibiani: Cohiba halisi haijawahi kufungashwa hivyo. Tangu Habanos S.A., kampuni inayosambaza sigaa za Kuba duniani kote, ilipopandisha bei mwaka 2022, hasa za chapa za Cohiba na Trinidad, ili ziwe za kiwango kimoja katika masoko yote, faida ya kughushi imeongezeka, na anayekuuzia kwa nusu ya bei huna haja ya kumchunguza zaidi kujua kwamba ni tapeli.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wazoefu. Wamelichukua katazo la kutaja wauzaji na kulitandaza juu ya kila jambo linalohusu sigaa za Kuba, mpaka mgeni anayeuliza jinsi ya kutambua boksi halisi anajibiwa kana kwamba ameomba namba ya siri ya benki. Elimu ya kutambua si siri. Boksi halisi hubandikwa lakiri ya serikali ya Kuba, ambayo asili yake ni mwaka 1889, na kwa miaka mingi sasa lakiri hiyo imekuwa na alama inayong'aa na msimbo wa mistari wenye namba inayoweza kuhakikiwa. Chini ya boksi huchomwa kwa chuma cha moto maneno ya Kihispania yanayosema limetengenezwa Kuba, kwa mkono tu, na kando ya maneno hayo hugongwa muhuri wenye herufi za siri za kiwanda pamoja na mwezi na mwaka wa kufungashwa. Ndani, rangi za majani hupangwa zifuatane kutoka nyeusi zaidi upande mmoja hadi nyeupe zaidi upande wa pili. Mambo haya yote yanaweza kufundishwa mchana kweupe, na kila anayefundishwa ni mteja mmoja ambaye matapeli wamempoteza. Anayemkemea mgeni badala ya kumfundisha hamlindi mtu yeyote. Anafurahia tu kuwa ndani wakati mwingine yuko nje.

Ukali wenyewe pia hauna maana. Inatosha kumwambia mgeni kwa upole, "Ndugu yangu, hilo hatulizungumzi hapa, lakini karibu tuzungumze mengine," kisha kumweleza kwa nini. Wapenzi wa sigaa wa Marekani hupenda kuitana ndugu wa jani, na hutumiana vifurushi vya sigaa za zawadi bila hata kuwahi kuonana uso kwa uso, ukarimu ambao nilipoukuta ulinishangaza. Ni ajabu ukarimu huo ukauke ghafla kwa sababu mtu hakujua kanuni ambayo haikuandikwa popote.

Kuna adabu nyingine zinazofungamana na hii, na kwangu mimi muhimu kabisa ni ya kutunza ulichoambiwa. Ikiwa mtu aliyekuzoea amekutajia jambo faraghani, jambo hilo limewekwa amana kwako, nawe huna ruhusa ya kulipitisha kwa wa tatu, hata awe shemeji yako, mpaka umrudie mwenyewe na kumwomba idhini. Yeye ndiye atakayelaumiwa likifika pabaya. Vivyo hivyo picha: kuna wanaojitapa kwa kupiga picha kifurushi kilichofika, na lebo ya mtumaji, namba ya ufuatiliaji na anwani ya nyumba yao vyote vinasomeka. Wengine huomba kununua kutoka kwenye akiba ya mtu aliyeonyesha tu picha ya boksi lake, jambo ambalo humgeuza ghafla kutoka mpenzi wa sigaa kuwa muuzaji asiye na leseni. Hilo sipendi hata kidogo.

Kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki liko jambo la ziada ambalo Wamarekani hawalifahamu, nalo ni mizigo. Tumezoea kumwomba anayesafiri atubebee kitu, na anayesafiri huona haya kukataa. Wengi wanaotoka Dar es Salaam au Nairobi kuja huku hupitia Dubai au Doha, na katika maduka ya uwanja wa ndege wa Dubai sigaa za Kuba zimepangwa kwenye rafu bila kificho, kwa kuwa huko ni bidhaa halali. Basi mtu humpigia simu shangazi yake aliye uwanjani na kumwambia, "Shangazi, ninunulie boksi moja tu, nitakurudishia fedha ukifika." Shangazi havuti, hajui lolote kuhusu Kennedy wala Castro, na anadhani kitu kilichouzwa kwa risiti dukani hakiwezi kuwa na neno. Katazo la mwaka 2020 linamhusu na yeye pia, ingawa si Mmarekani, kwa sababu linaangalia bidhaa inayoingia nchini. Kumfanya mama wa makamo, pengine mwenye viza ya matembezi, asimame mbele ya afisa wa forodha na kujieleza kwa ajili ya starehe yako ni kumvunjia heshima, nami naliona kuwa kosa kubwa kuliko swali lolote linaloulizwa hadharani na mgeni asiyejua.

Anayeniuliza mimi binafsi humpa jibu ambalo halimwingizi mtu matatani. Kanuni za sasa hazimkatazi mkazi wa Marekani kununua sigaa ya Kuba na kuivuta akiwa katika nchi nyingine ambako inauzwa kihalali, kwa hiyo akienda London au Dubai aingie duka linalotambulika, akae, aivute hukohuko, na asirudi hata na kipande. Akiwa hapa Marekani, azitafute za familia zilizotoka Kuba na ujuzi wao: Padrón, iliyoanzishwa Miami mwaka 1964 na mkimbizi wa Kikuba na ambayo leo hutengeneza sigaa zake Nikaragua, au Arturo Fuente, iliyoanzia Tampa mwaka 1912 na sasa ina mashamba na viwanda Jamhuri ya Dominika. Wapo wavutaji wa siku nyingi wanaoziweka hizo juu ya nyingi za Kuba, hasa baada ya kimbunga Ian kubomoa mabanda mengi ya kukaushia tumbaku huko Pinar del Río, Kuba, mwezi Septemba 2022. Mimi ni mmoja wao, ingawa najua baadhi ya ndugu wa jani watanibishia, na hilo la ubora ni jambo tunaloweza kubishania hadharani usiku kucha bila kumtaja muuzaji hata mmoja.